Ukurasa wa Saba wa Mwongozo wa Bawabu

Kwenye mlango wa choo cha ghorofa ya pili palibandikwa karatasi iliyosema: "Vuta maji ukimaliza funga mlango". Mwanamke aliyeanza kazi juzi yake alifika pale na haraka zake zote, lakini akashindwa kuingia. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akatoa kalamu kwenye mkoba, akaweka nukta baada ya neno "ukimaliza", akaikuza herufi iliyofuata, ndipo akaingia kwa amani. Hakujua kwamba fundi wa programu alikuwa nyuma yake akingoja zamu. Kabla ya saa sita mchana ofisi nzima ilikuwa ikimwita Bi Nukta, na jina likamkaa kama nguo ya kupimisha.

Alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Kumi na tisa kati ya hiyo aliitumia katika masjala ya ofisi ya upimaji ardhi, akipokea majalada, akiyapa namba, na kuwarudisha kwa upole watu waliosahau kutia sahihi. Masjala ilipohamia kwenye kompyuta, makarani waliagwa kwa hotuba na saa ya ukutani kila mmoja. Mumewe ni fundi saa. Siku hiyohiyo aliifungua saa ile mezani, akachungulia ndani, akasema, "Mke wangu, wamekupa bati. Humu ndani hata mende hapati kazi." Saa iko ukutani mpaka leo. Inaonyesha saa nne na robo, na wenyewe wameshazoea.

Alipeleka maombi ya kazi sehemu kumi na moja. Nane hazikujibu. Mbili zilijibu kwamba zinatafuta vijana wachangamfu. Ya kumi na moja ilikuwa kampuni ya watu sita, vyumba viwili juu ya duka la magodoro, ambamo harufu ya sponji mpya ilipanda ngazi kila asubuhi na kukaa na wafanyakazi kutwa. Mkurugenzi alikuwa kijana wa miaka thelathini na miwili mwenye simu mbili na subira nusu.

"Mama, unajua programu?" alimuuliza.

"Sijui."

"Sasa unajua nini?"

"Najua mtu akiambiwa afanye jambo, ni wapi atakosea."

Bosi alicheka mpaka akaweka simu zote mbili chini. Alimpa miezi mitatu ya majaribio. Kazi yake ilikuwa moja: kuandika mwongozo wa programu yao mpya. Wateja watatu wa kwanza wakiweza kuitumia kwa kuufuata mwongozo tu, bila fundi kwenda kuwashika mkono, atasaini mkataba wa kudumu. Wakishindwa, wataagana. Bi Nukta alijua vizuri kwamba sehemu ya kumi na mbili haikuwepo.

Programu yenyewe iliitwa Bawabu. Siku hizi ziko programu za akili bandia zinazotumwa kama alivyokuwa akitumwa tarishi. Wenyewe huziita mawakala. Unamwambia wakala ajibu barua za wateja, naye anafungua, anasoma, anaandika, anatuma. Tatizo la mawakala ni utiifu uliopitiliza. Ukimwambia asafishe kabati, atasafisha mpaka misumari. Kwa hiyo kila wakala anapotaka kufanya jambo, lazima apite kwanza mlangoni kwa Bawabu. Bawabu anatazama orodha ya kanuni alizopewa na mwenye ofisi, na kanuni hizo zina maneno matatu tu: ruhusu, kataa, uliza. Jambo likiwa la kuuliza, Bawabu anatuma ujumbe kwenye simu ya mtu aliyetajwa katika orodha. Mtu huyo anajibu moja kuruhusu, au mbili kukataa, na akipenda anaongeza sababu.

Aliyeitengeneza ni yule fundi aliyengoja zamu mlangoni pa choo, kijana wa miaka ishirini na saba aliyevaa kofia ya sufu hata jua likipasua mawe. Wote walimwita Kofia. Yeye ndiye aliyepewa kazi ya kumweleza Bi Nukta, na aliieleza kwa kasi ya mtu anayefukuzwa.

"Hapo ni rahisi tu, mama. Unaweka kanuni zako, unahifadhi, basi."

Bi Nukta aliandika kwenye daftari: neno "rahisi tu" lisitumike popote katika mwongozo. Kisha akaomba kompyuta ya majaribio, akaanza kufanya kila alichoambiwa, kimoja kimoja, kama mtu anayeonja vyungu. Sharti lake lilikuwa hilo: hakiandikwi kitu ambacho hajakiona kwa macho yake kikitokea.

Siku ya tatu alikwenda kwenye meza ya Kofia.

"Mwanangu, umesema mpangilio wa kanuni hauna maana."

"Hauna. Andika tu."

"Nimeweka 'ruhusu vyote' juu, na 'kataa kufuta' chini yake. Amefuta."

"Amefuta nini?"

"Ile folda uliyoniambia niichezee."

Kofia akavua kofia, jambo ambalo ofisi ilikuwa haijawahi kuliona, akajikuna. Aliangalia skrini kwa muda mrefu. "Kumbe anasoma kutoka juu kwenda chini, halafu kanuni ya kwanza inayolingana ndiyo inashika."

"Nimeshaandika hivyo jana," alisema Bi Nukta. "Nilitaka tu na wewe ujue."

Kuanzia hapo walipatana. Kofia alimletea maswali, naye alimletea Kofia aibu ndogondogo, tatu nne kwa siku, zikiwa zimepangwa kwa tarehe.

Ukurasa wa saba ulikuwa na mfano wa orodha kamili ya kanuni, mistari kumi na miwili, ili mteja aone inavyofanana. Mstari wa mwisho ulisema: wakala akitaka kufuta kitu au kutuma barua nje ya ofisi, muulize mtu mwenye namba hii. Bi Nukta aliuliza aweke namba gani.

"Yoyote," alisema Kofia. "Weka sifuri."

Aliweka sifuri. Bawabu akagoma: namba hiyo haipo. Akaweka namba aliyoitunga. Ujumbe ukapokewa na mzee fulani wa mbali aliyepiga simu kuuliza wakala ni nani na kwa nini anamtafuta yeye. Basi Bi Nukta akaweka namba yake mwenyewe. Ujumbe ukaingia, akajibu moja, faili likafutika. Mfano ulifanya kazi mbele ya macho yake, naye akauacha hivyo. Hakuandika kwamba mteja aitoe namba ile na kuweka ya kwake. Kwa miaka kumi na tisa fomu za mfano zilibandikwa ukutani masjala, zimejazwa jina la karani mkuu, na hakuna mwananchi hata mmoja aliyewahi kuomba kiwanja kwa jina la karani mkuu.

Jumatatu mwongozo ulipelekwa kwa wateja watatu: kiwanda cha uchapaji, kampuni ya kusafirisha mizigo, na ofisi inayosimamia nyumba za kupanga. Jumatano jioni Bi Nukta alikuwa anamenya viazi simu ilipolia.

"BAWABU: Wakala wa kiwanda cha uchapaji anaomba kufuta folda 'Picha za Zamani'. Jibu 1 kuruhusu, 2 kukataa."

"Baba, acha mchezo," alisema.

Mumewe, aliyekuwa ameinamia saa ya mkononi na lenzi jichoni, hakuinua kichwa. "Mchezo gani? Mimi niko ndani ya mashine ya watu."

Alimsomea ujumbe. Mumewe aliweka kibano chini taratibu. "Hebu ngoja. Wamenakili mfano wako na namba yako humohumo?"

"Haiwezekani."

"Hujawahi kusikia mwanafunzi aliyenakili mtihani wa mwenzake mpaka jina?" Alicheka hadi lenzi ikadondoka kwenye maganda ya viazi. "Hongera, mke wangu. Sasa una kiwanda."

Bi Nukta alifahamu kwamba akikaa kimya dakika kumi Bawabu atahesabu kuwa amekataa. Angeweza kuiacha simu ijikatalie yenyewe. Lakini kwake swali lisilojibiwa lilikuwa kama bomba linalovuja chumba cha pili: hulioni, ila hulali. Picha za zamani ni vitu ambavyo watu huvifuta asubuhi na kuvililia jioni. Alifuta mkono kwenye aproni, akajibu: "2 Muulizeni kwanza aliyezipiga." Akaamua kwamba kesho, jambo la kwanza, atamweleza bosi.

Kesho yake bosi aliingia ofisini nusu anacheza. "Uchapaji wamepiga! Bawabu amezuia wakala asifute picha za zamani, na asubuhi hii mteja wao amekuja kuzitaka hizohizo! Wanasema ana busara. Wanasema mwongozo unaeleweka mpaka raha." Alimpiga Bi Nukta begani, kisha akakumbuka umri wake na kumpapasa hewani. "Mama, endelea hivyohivyo."

Ni vigumu kukiri kosa mbele ya mtu anayekupongeza kwa kosa hilohilo. Bi Nukta alisema "asante," akakaa.

Mchana wakala wa mizigo aliuliza. Jioni wa nyumba za kupanga akauliza mara mbili. Wateja wote watatu walikuwa wamenakili ukurasa wa saba kuanzia mstari wa kwanza mpaka wa mwisho. Yeye, kwa mazoea, alifungua ukurasa mpya kwenye daftari, akapiga mistari: siku, saa, nani, anataka nini, jibu, sababu. Wakala wa mizigo alitaka kumtuma dereva akapakie tarehe thelathini na moja ya mwezi wenye siku thelathini: mbili. Wakala wa uchapaji alitaka kumtumia mteja aliyefiwa barua iliyoanza kwa "Tunayo furaha": mbili. Wakala wa nyumba alitaka kumwonya mpangaji wa chumba namba nne kwa kelele za mpangaji wa chumba namba tano: mbili, na sababu mistari mitatu. Mawakala, wakiwa watiifu, walisoma sababu, wakarekebisha, wakarudi. Hapo Bi Nukta alijibu moja, kwa raha ambayo alikuwa hajaipata tangu masjala ifungwe.

Alijibu akiwa sokoni. Alijibu akiwa kwa msusi, nusu ya kichwa imesukwa. Mumewe aligeuka balaa.

"Naomba ruhusa kuongeza sukari."

"Mbili."

"Sababu?"

"Daktari."

"Naomba ruhusa kukata rufaa."

"Kwa nani? Mlango ni huu mmoja."

Ofisini sifa zilizidi. Mizigo walisema Bawabu anajua kalenda. Uchapaji walisema ana huruma. Kofia pekee ndiye aliyekonda. Alifungua programu yake akaisoma mstari kwa mstari, akitafuta mahali ambapo, bila kujua, alikuwa ameandika huruma.

"Mama, sikuelewi hiki kitu," alimnong'oneza. "Sikumfundisha kufikiri. Anajua kuangalia orodha tu."

"Labda watu wamebadilisha orodha," alisema Bi Nukta, akijua kwamba tatizo lilikuwa hawajabadilisha.

Jumanne jioni wakala wa nyumba aliomba kuwatumia wapangaji tangazo: "Maji yatakatwa kesho." Halikuwa na saa. Halikutaja jengo. Bi Nukta alijibu bila hata kuketi: "2 Saa ngapi? Jengo lipi?" Wakala hakuwa na majibu hayo, na aliyekuwa nayo alikuwa ameshakwenda nyumbani. Tangazo likabaki pale pale.

Jumatano asubuhi msimamizi wa nyumba alipiga simu, na bosi akaiweka sauti ya juu ili ofisi nzima isikie sifa.

"Huyo bawabu wenu amekataa tangazo langu la maji!" sauti ilipasua spika. "Nina wapangaji thelathini na wawili mlangoni! Mmoja ana sabuni kichwani! Ananitazama kwa jicho moja!"

"Pole sana, ndugu yangu," alisema bosi kwa utulivu wa daktari. "Lakini hebu niambie. Tangazo lilikuwa na saa?"

"Halikuwa."

"Lilikuwa na jina la jengo?"

"Halikuwa. Lakini..."

"Basi Bawabu ana haki."

Bi Nukta aliinamisha uso kwenye kompyuta. Masikio yalimwaka moto. Tangazo lisilo na saa ni tangazo baya, lakini mtu akilisoma atajaza ndoo. Aliyejua lifike lini na kwa nani ni msimamizi, na yeye hakuulizwa chochote. Aliulizwa mwanamke aliyesimama jikoni kwake, asiyejua hata majengo hayo yako mtaa gani. Jioni ile alifungua daftari, akaifuta sababu ya jibu lile, akaacha nafasi tupu.

Bosi alipokata simu alikuwa amependezwa kabisa. "Mmeona? Anamshinda mteja mwenyewe! Mama, nataka sura mpya kwenye mwongozo. Iite 'Bawabu Anayefikiri'. Nimeshawaambia watu wa shirika moja kubwa wanaofikiria kuinunua. Wanakuja kesho kutwa, Ijumaa. Niletee sura kesho. Ikiwa nzuri, Ijumaa hiyohiyo unasaini mkataba wako wa kudumu, maana ndiyo siku miezi yako inaisha."

Nyumbani alimsimulia mumewe yote.

"Sasa shida iko wapi?" alisema fundi saa. "Andika. Kwani utadanganya? Bawabu kweli anafikiri. Tena anapika na kufua."

"Wateja watatu nimewaweza. Wakifika mia tatu?"

"Nitaacha saa nikusaidie. Mimi nitakuwa wa kukataa, wewe wa kuruhusu."

"Baba, yule mtu alikuwa na sabuni machoni."

Mumewe akaacha utani. Alifunga mfuniko wa saa aliyokuwa akiitengeneza, akaisikiliza sikioni. "Ukisema, watakutoa."

"Najua."

"Na usiposema?"

"Nitakuwa nimeandika kitu ambacho sijakiona kikitokea."

Alhamisi saa tatu asubuhi sura ilikuwa mezani kwa bosi, ukurasa mmoja, safi. Bosi alimwita Kofia aje asikie, akasimama, akasoma kwa sauti ya kutangaza.

"Sura ya Tisa. Bawabu Anayefikiri. Bawabu hafikiri." Alisita, akadhani ni mbwembwe za uandishi, akaendelea. "Kwa wiki moja sasa anayefikiri ni mwandishi wa mwongozo huu, ambaye namba yake ya simu imo katika mfano wa ukurasa wa saba na imenakiliwa kama ilivyo na wateja wote watatu. Huduma hii inapatikana kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka mwenyewe anapolala. Haipatikani akiwa anaoga. Hadi sasa yametolewa majibu arobaini na moja. Arobaini yanaweza kutetewa. Moja liliwanyima wapangaji thelathini na wawili tangazo la maji, na halitetewi. Kuzima huduma hii: fungua orodha yako ya kanuni, futa namba iliyopo, weka ya kwako. Orodha ya majibu yote imeambatishwa."

Kofia alilaza kichwa mezani. Mabega yalimtikisika, na kwa muda hakuna aliyejua kama analia au vipi. Kisha kicheko kikamtoka kama maji ya bomba lililofunguliwa ghafla. "Nilijua! Nilijua sikumwandikia huruma!"

Bosi hakucheka. Alisoma tena kimyakimya, midomo ikicheza. "Mama. Kwa nini hukusema siku ya kwanza?"

"Siku ya kwanza ulinipongeza."

"Na siku ya pili?"

"Ulinipongeza tena. Ila kosa si la pongezi. Ni langu. Nilipaswa kuandika mstari mmoja sikuuandika, na nilipaswa kusema nikanyamaza. Na nilijibu mambo ya watu wasionijua."

"Lakini ni nani," bosi alipandisha sauti, akiwa ameshika karatasi kama kitu kilichomng'ata, "ni nani mwenye akili timamu ananakili namba ya mtu asiyemfahamu na kuiacha kwenye kompyuta yake?"

Kofia aliagizwa awapigie wateja wote watatu papo hapo, wabadilishe namba. Mizigo walibadilisha wakauliza kama yule mama anaweza kuendelea na kalenda peke yake. Uchapaji walicheka. Msimamizi wa nyumba alitaka kuongea na Bi Nukta mwenyewe, akaongea dakika nane bila kupumua, yeye alisikiliza zote nane, akasema, "Ni kweli, ndugu. Naomba radhi kwako na kwa yule wa sabuni," na msimamizi, aliyekuwa amejiandaa kwa ubishi, akakosa pa kwenda, akaaga. Bi Nukta aliahidi mbele ya ofisi nzima kwamba hatajibu tena ombi lolote kwa niaba ya mtu.

Kisha bosi akalipigia lile shirika kubwa. Aliongea akiwa amegeukia dirisha. Alipokata, mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama. "Nimewaambia Bawabu hafikiri," alisema kwa upole wa kutisha. "Wameniuliza kama mimi ninafikiri. Mama, mimi nina kampuni ya kuendesha. Barua yako utaipata kabla ya saa kumi."

Bi Nukta hakubishana. Alirudi mezani kwake, akaanza kukusanya: kikombe, mto wa kiti, miwani ya akiba, daftari. Kofia alijifanya anachapa. Saa tisa na dakika thelathini na nne simu ya Bi Nukta ilitetemeka.

"BAWABU: Wakala wa Mkurugenzi anaomba kutuma barua 'Kusitishwa kwa Mkataba wa Majaribio' kwenye anwani ya nyumbani ya mwandishi wa mwongozo. Jibu 1 kuruhusu, 2 kukataa."

Aliisoma mara mbili. Akainua macho akatazama mlango wa bosi, uliokuwa umefungwa. Kidole gumba kilikuwa juu ya kioo, na ni yeye tu aliyekuwa anakiona. Mbili, na barua haiendi popote. Bosi angesubiri, angeagiza tena, na yeye angekataa tena, mpaka lini haijulikani. Alikaa hivyo kama dakika tatu. Kisha akaondoa kidole, akanyanyuka, akabisha hodi.

"Bosi, samahani. Kuna mtu ananiomba ruhusa."

"Si tumebadilisha namba zote?"

"Za wateja, ndiyo."

Aliiweka simu juu ya meza, ikitazama upande wa bosi. Bosi alisoma. Akayaondoa macho kwenye simu, akayapeleka kwenye kompyuta yake, akayarudisha kwenye simu. Kofia alikuwa ameshafika mlangoni. Mtu angedhani amepakwa mafuta miguuni.

"Nani alimfunga Bawabu kwenye wakala wangu?" aliuliza bosi.

"Wewe mwenyewe, bosi," alisema Kofia. "Jumapili. Ulisema unataka kuonyesha kwamba mwongozo unatosha, hata fundi hahitajiki."

"Kwa kufuata..."

"Ukurasa wa saba. Ulinipigia kuniambia imekubali mara ya kwanza. Tangu hapo hujamtuma kitu nje."

Bosi alikaa chini. Lori lilikuwa likishusha magodoro huko chini, na sauti za wapakuzi zilipanda mpaka dirishani.

"Niliahidi asubuhi kwamba sitamjibia mtu," alisema Bi Nukta. "Kwa hiyo nimeona nikuulize mwenyewe. Nijibu ngapi?"

"Ukijibu moja?"

"Barua inakwenda. Nitaisoma, nitaondoka."

"Na ukikaa kimya?"

"Baada ya dakika kumi anahesabu imekataliwa. Ukurasa wa kumi na mbili."

"Zimebaki ngapi?"

Bi Nukta aliangalia. "Sita."

Bosi alishika kalamu, akaiweka. Alimtazama Kofia, na Kofia akatazama dari kwa bidii.

"Huo mstari uliokosekana," hatimaye bosi alisema, akiongea na meza. "Ungeuandikaje?"

"'Namba hii ni ya mfano. Ifute, uweke ya kwako.'"

"Hautoshi. Watu hawasomi."

"Ni kweli. Ndiyo maana namwomba kijana hapa Bawabu agome kabisa akiona namba ya mfano. Asikubali kuwashwa mpaka ibadilishwe."

"Naweza," alisema Kofia haraka. "Mchana mmoja tu. Ni rah..." Akamwona Bi Nukta. "Mchana mmoja."

"Na akigoma aseme nini?" aliuliza bosi. "Asiseme 'kosa namba kadhaa'. Nachukia hiyo."

"Aseme, 'Umeweka namba ya mtu mwingine. Unataka aamue yeye au wewe?'"

Bosi alifikiri. "Ni kali mno kwa mteja."

"Basi, 'Tafadhali weka namba ya mtu wa ofisi yako.'"

"Hiyo ndogo mno."

Wakabishana. Bosi alitaka rangi nyekundu. Bi Nukta alisema nyekundu imeshatumika ukurasa wa tano. Kofia aliingia ndani kabisa, akavuta kiti. Walikuwa wamefika kwenye swali la kama mfano uwe na mistari kumi na miwili au tisa, na bosi alikuwa ameanza kuchora mistari hiyo nyuma ya karatasi ya Sura ya Tisa, simu ilipotetemeka juu ya meza na kusogea kidogo.

"BAWABU: Ombi limekataliwa kwa kukosa jibu."

Wote watatu waliisoma. Bosi aliisukuma simu kwa kidole kimoja, polepole, mpaka ikafika upande wa mwenyewe.

"Kabla hujatoka leo," alisema, "nibadilishie ile namba kwenye wakala wangu. Weka yangu."

"Ipi, bosi? Una mbili."

Bosi alimtazama. Kisha akazitoa simu zote mbili mfukoni, akazipanga mezani, na akaanza kweli kufikiri.